Bendi ya Panki Shambani Korea: Intaneti Ipo, Ukumbi Uko Wapi?

Leo naomba tuziweke kando kidogo seva na hifadhidata, twende mashambani. Tena si mashambani kwetu, twende Korea Kusini, kwenye mashamba ya mpunga. Nataka tuzungumze juu ya bendi ya panki inayohangaika kule. Naona kisa chake kinatufundisha mengi kuhusu teknolojia, kuliko ile mikutano tunayoalikwa kila mara kuja kusikiliza hotuba na kula sambusa.

Kwa wale ambao panki ni jina geni: ni muziki wa gitaa ulioibuka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1970. Nyimbo ni fupi, mwendo ni wa mbio, mwimbaji anapiga kelele, na ufundi si sharti. Ukijua kubana nyuzi kwa namna tatu tu, unaruhusiwa kupanda jukwaani. Kanuni kuu ni kwamba ufanye mwenyewe, usingoje ruhusa ya mtu. Rekodi mwenyewe, chapisha mwenyewe, uza mwenyewe. Sisi tuliolelewa na programu huria tunapaswa kuuelewa moyo huo upesi sana, hata kama kelele zake zinatuumiza masikio.

Sasa, kuna imani moja ambayo imekaa sana vichwani mwa watu wa fani yetu. Inasema hivi: intaneti imeua umbali. Ukiwa na muunganisho wa kasi na tarakilishi, ni sawa uwe jijini ama uwe porini. Kazi yako ikiwa nzuri, ulimwengu utaifikia. Nimeisikia imani hii tangu nikiwa chuoni nikisomea sayansi ya tarakilishi, na naisikia mpaka leo kila mtu anapotaka kuuza programu mpya.

Haya basi, tuipime. Ukitaka kupima imani hiyo kwa haki, usiende mahali ambapo umeme unakatika kila jioni, maana watu watasema kosa ni la umeme. Nenda mahali ambapo intaneti ni bora kabisa. Nenda Korea Kusini. Mitandao ya 5G ilifunguliwa huko kwa umma Aprili 2019, mapema kuliko karibu nchi zote duniani. Tangu Januari 2020 intaneti ya kasi imehesabiwa kisheria kuwa huduma ya msingi ambayo kila raia anastahili kuipata, hata kama nyumba yake iko peke yake bondeni. Kwa hiyo bendi yetu haina kisingizio cha mtandao. Faiba ipo. Kama umbali kweli umekufa, kaburi lake lingekuwa pale.

Bendi ninayoizungumzia haina jina, kwa sababu ni mfano ninaouunda kutokana na mambo halisi ya nchi ile. Tuseme ni vijana watatu wa Cheorwon, wilaya ya mpakani katika mkoa wa Gangwon, yenye watu 40,000 hivi. Cheorwon inajulikana kwa mchele wake mzuri, kwa korongo wanaokuja kupumzika mashambani wakati wa baridi, na kwa magofu ya jengo la Chama cha Wafanyakazi, maana kabla ya vita vya 1950 eneo lile lilikuwa upande wa kaskazini. Mmoja anapiga gitaa, mmoja besi, mmoja ngoma. Mazoezi wanafanyia kwenye ghala la mashine za kilimo, wakati mashine ziko shambani. Wana umri wa miaka 20. Je, watafika wapi?

Tuanze na hesabu ya kwanza, hesabu ya watu. Korea Kusini ina watu milioni 51 na zaidi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2019, zaidi ya nusu yao wanaishi Seoul, Incheon na mkoa wa Gyeonggi unaoizunguka, eneo ambalo ni kama asilimia 12 tu ya ardhi ya nchi. Nusu ya nchi katika sehemu ya nane ya ardhi! Vijana wakimaliza shule wanakwenda huko, kwa sababu vyuo vikubwa viko huko na kazi ziko huko. Wanaobaki vijijini wengi ni wazee. Na watoto hawazaliwi: mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi 0.72, yaani wanawake 100 kwa wastani watazaa watoto 72 maishani mwao. Sasa niambie, panki ni muziki wa vijana wanaorukaruka na kusukumana mbele ya jukwaa. Cheorwon nani atasukumana na nani? Bibi wa miaka 78 aliyetoka kupanda pilipili?

Hesabu ya pili ni ya jeshi. Kila mwanamume mwenye afya Korea Kusini anatakiwa kutumikia jeshi, na kwa jeshi la nchi kavu muda ni miezi 18. Bendi ya vijana watatu wa kiume wakienda mmoja baada ya mwingine, ni miezi 54. Miaka minne na nusu bendi haijatimia! Mtu yeyote wa programu ataona jibu hapo hapo: usiziweke kazi kwenye foleni, ziendeshe sambamba. Na kweli kuna waliofanya hivyo. Crying Nut, bendi ya panki mashuhuri kuliko zote nchini humo, ni marafiki wa tangu utotoni, na wanne kati yao waliingia jeshini pamoja mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakatoka pamoja, bendi ikaendelea. Lakini wao walikwisha kuwa na jina. Walipotoka, kulikuwa na watu wanaowangoja. Bendi isiyo na jina ikinyamaza kwa mwaka mmoja na nusu, hakuna atakayegundua kuwa imenyamaza.

Na hapa kuna jambo linalonikera kidogo. Sheria ya kule inawasamehe utumishi wa kawaida wanamichezo waliopata medali ya Olimpiki na wanamuziki wa kikale walioshinda mashindano fulani ya kimataifa. Mwaka 2020 sheria ilirekebishwa ili nyota wa muziki wa pop waliotunukiwa na serikali waruhusiwe kuahirisha hadi umri wa miaka 30. Sisemi ni vibaya, na BTS wenyewe walikwenda jeshini kuanzia Desemba 2022 na kumaliza Juni 2025. Ninachosema ni kwamba dola inatambua sanaa pale inapokuwa na namba ya kuonyesha: medali, nafasi ya kwanza, mauzo. Mpiga ngoma wa ghalani hana namba. Tukumbuke hilo, maana mbele tutakutana nalo tena, na safari hii mwenye kosa hatakuwa dola. Tutakuwa sisi waandishi wa programu.

Hebu tuangalie namba zenyewe. Julai 2012 msanii PSY alitoa wimbo wa Gangnam Style, na tarehe 21 Desemba mwaka huo ukawa video ya kwanza ya YouTube kutazamwa mara bilioni moja. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba kihesabu chao kilikuwa kimejengwa kwa namba kamili ya biti 32, ambayo haiwezi kuvuka 2,147,483,647, na kwamba ilibidi wahamie biti 64 kwa ajili ya video hiyo. Sisi wa fani hii tulicheka sana. Lakini ukitulia utaona kitu kingine. Mtandao ule ule, nchi ile ile, hifadhidata ile ile: safu moja ya jedwali inajaa mpaka inapasuka, na safu nyingine, ya vijana wetu wa Cheorwon, inasoma 214, na 60 kati ya hizo ni shangazi. Kasi ya intaneti ni ile ile kwa wote wawili. Kwa hiyo kasi haikuwa tatizo, na haitakuwa suluhisho.

Mtu atasema, sawa, waache YouTube, waweke nyimbo kwenye huduma za kusikiliza muziki kwa malipo ya mwezi. Vizuri. Kule Korea huduma kubwa kwa miaka mingi imekuwa Melon, iliyoanza 2004. Kwa muda mrefu Melon ilionyesha chati iliyobadilika kila saa, na msikilizaji wa kawaida alibonyeza kitufe kimoja tu: cheza 100 bora. Fikiria maana yake. Wimbo ukiwa ndani ya 100 unachezwa kwa sababu umo ndani, na unabaki ndani kwa sababu unachezwa. Ukiwa nje, uko nje. Kukawa na malalamiko makubwa ya watu kununua usikilizaji wa uongo ili kuzisukuma nyimbo ziingie humo, na mwaka 2020 Melon wakaiondoa chati ile ya kila saa na kuleta inayohesabu saa 24. Kitufe kimoja tu! Hakuna aliyekaa na kusema tuwanyime chakula wapiga gitaa wa vijijini. Mtu fulani alichora kitufe, akakiweka mahali pazuri, akaenda zake nyumbani.

Spotify nao walifika Korea Februari 2021. Tangu 2024 wana kanuni kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kwa rekodi hiyo. Wanasema fedha hizo zilikuwa senti zisizowafikia wenyewe, zikiishia kwenye ada za benki na za wasambazaji. Huenda ni kweli. Lakini kwa bendi ya Cheorwon maana yake ni moja: namba 999 ni sawa na sifuri. Sharti moja la `if` ndani ya msimbo, basi.

Sasa twende kwenye sehemu ninayoipenda, maana inahusu mgawanyo, na mgawanyo ni hesabu ya darasa la tano. Huduma nyingi hukusanya fedha zote za wateja kwenye chungu kimoja, kisha huzigawa kwa idadi ya mara nyimbo zote zilivyochezwa. Tuchukue wateja wawili tu, kila mmoja analipa won 10,000 kwa mwezi, na tusihesabu sehemu ya kampuni. Mteja wa kwanza anaipenda bendi yetu na haisikilizi nyingine: mara 100 kwa mwezi. Mteja wa pili anaacha simu inacheza nyota wa pop mchana na usiku: mara 900. Chungu kina won 20,000, michezo ni 1,000. Bendi yetu inapata won 2,000, na nyota anapata 18,000. Umeona? Yule mteja wa kwanza hakumsikiliza nyota hata mara moja, lakini won 8,000 zake zimekwenda kwa nyota. Angependa iwe hivyo? Hakuulizwa.

Njia nyingine ni kugawa fedha za kila mteja kwa wale aliowasikiliza yeye. Hapo bendi inapata 10,000 na nyota 10,000. Ni tofauti ya mistari michache ya msimbo: unagawa kwanza ndani ya kila mteja, kisha unajumlisha. Na hii si ndoto. Kule kule Korea, huduma ya VIBE ya kampuni ya Naver ilianza kulipa kwa njia hii mwaka 2020, na SoundCloud wakafuata kwa namna yao mwaka 2021. Kwa hiyo anayesema kwamba mfumo ndivyo ulivyo na haubadiliki, mwambie mfumo uliandikwa na mtu, na kilichoandikwa na mtu huandikwa upya.

Lakini sitaki kuwadanganya. Hata tukigawa kwa haki, bendi yenye mashabiki 40 wa kweli haiwezi kuishi kwa fedha hizo. Haki ya mgawanyo ni jambo la heshima, wala si mshahara. Novemba 2010 alifariki Lee Jin-won, mwanamuziki wa kujitegemea aliyefanya kazi peke yake kwa jina refu la Dalbit Yojeong Yeokjeon Manru Homerun. Alikuwa na miaka 37. Baada ya kifo chake habari zilienea kwamba muziki wake ulipouzwa kwenye mtandao wa Cyworld alikuwa akilipwa kwa "dotori", yaani mbegu za mwaloni, sarafu ya kidijitali ya mtandao ule. Kampuni ilipinga maelezo hayo. Lakini watu waliyaamini mara moja, na sababu ya kuyaamini ndiyo inayohuzunisha: kila mwanamuziki alijua kinachoingia ni kidogo kiasi kwamba mbegu za mwaloni hazikuonekana jambo la ajabu. Januari 2011 alifariki mwandishi wa filamu Choi Go-eun akiwa katika umaskini na ugonjwa, na mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya ustawi wa wasanii. Ilichukua vifo.

Kwa hiyo kama si kasi ya mtandao, na kama hata mgawanyo wa haki hautoshi, bendi inakosa nini hasa? Ngoja tuangalie wale waliofaulu walifauluje.

Katikati ya miaka ya 1990, karibu na Chuo Kikuu cha Hongik jijini Seoul, kulikuwa na klabu iitwayo Drug. Ilikuwa chumba cha chini ya ardhi. Aprili 1995, mwaka mmoja baada ya kifo cha Kurt Cobain, vijana walikusanyika pale kumkumbuka kwa muziki, na wengi wanahesabu siku ile kuwa mwanzo wa panki ya Korea. Crying Nut walitoka pale. No Brain walitoka pale. Mwaka 1998 wimbo wa Crying Nut uitwao "Mal Dallija" ulienea nchi nzima, na mpaka leo watu wazima wenye tai wanaupigia kelele kwenye vyumba vya karaoke. Na kumbukeni, enzi zile mambo hayakuwa rahisi. Ukaguzi wa serikali wa nyimbo kabla hazijatolewa uliondolewa 1996 tu. Klabu zenyewe ziliandikishwa kama migahawa ya kawaida, na kanuni za migahawa hazikuruhusu bendi nzima kupiga humo. Mpaka 1999 zilipolegezwa, kila onyesho lilikuwa kosa la kisheria. Hawakuwa na YouTube. Hawakuwa na simu ya kurekodia. Walikuwa na chumba.

Chumba ndicho kitu chenyewe, wadau. Chumba chenye umeme, spika mbili, mlango unaofungwa, na watu wale wale wanaorudi kila Jumamosi. Mtu anakuja kusikiliza wiki hii, wiki ijayo anaazima gitaa, mwezi ujao ana bendi yake na anapiga kabla yako. Hakuna algoriti inayofanya kazi hiyo. Algoriti inakuletea kinachofanana na ulichokwisha kukipenda. Chumba kinakulazimisha kusimama dakika 20 ukisikiliza bendi usiyoipenda, kwa sababu rafiki yako anapiga baada yake na nje ni baridi.

Mfano mwingine: tarehe 24 Desemba 2009 mgahawa mdogo wa tambi uitwao Duriban, karibu na Hongik hapo hapo, ulivunjwa ili kupisha ujenzi. Wenyewe wakarudi, wakakalia jengo. Wanamuziki wakaja kuwaunga mkono, na Mei 1, 2010 wakafanya tamasha la bendi zaidi ya 50 ndani na nje ya jengo lile. Umeme ukakatwa, wakaendelea. Mwaka 2011 wenye mgahawa walifikia makubaliano ya kulipwa ili wafungue mahali pengine. Na wale wanamuziki waliozoeana mle ndani wakaanzisha ushirika wao wa wazalishaji wa muziki. Ushirika ule ulizaliwa kwenye giza la jengo lisilo na umeme, na waliouanzisha walikuwa watu waliokwisha kujuana uso kwa uso.

Sasa rudi Cheorwon. Chumba hakipo. Kuna kituo cha utamaduni cha wilaya, na kinataka barua ya maombi. Kuna tamasha la mavuno, lakini jukwaa lake ni la waimbaji wa trot, muziki ambao wazee wanaupenda na ambao umerudi kwa nguvu tangu mashindano ya runinga ya mwaka 2019. Kwenda kupiga Seoul inawezekana, si mbali kwa kilomita. Ila onyesho la panki linaisha usiku, na basi la mwisho la mashambani halikungoji umalize wimbo. Kwa hiyo unalala kwa mtu, ama unakaa dukani mpaka asubuhi, kesho una kazi. Fanya hivyo mara kumi, kisha uniambie kama umbali umekufa.

Ndiyo maana bendi kama hii ina njia mbili: kuhamia Seoul ama kuvunjika. Na kila inayohama inaacha wilaya na sababu moja pungufu ya kijana mwingine kubaki. Hapa ndipo naona hatari yenyewe. Wilaya nyingi za Korea zinatoa fedha kwa wanaozaa na kwa wanaohamia huko. Lakini kijana wa miaka 19 hajiulizi atapata ruzuku gani akizaa. Anajiuliza Ijumaa jioni atafanya nini.

Na isidhaniwe kwamba wilaya haiwezi. Juni 2018 Cheorwon hiyo hiyo ilifanya tamasha la muziki liitwalo DMZ Peace Train, karibu kabisa na mpaka wa Korea Kaskazini, na Glen Matlock, mpiga besi wa kwanza wa Sex Pistols, akaja kupiga. Mwanzilishi wa panki wa London amesimama kwenye nchi ya mchele na korongo! Tazama pia Gapyeong, wilaya ya mashambani ambayo tangu 2004 ina tamasha la jazi la Jarasum, na jina lake sasa linajulikana mbali. Kwa hiyo umma unakuja ukipewa sababu. Tatizo ni kwamba tamasha ni siku tatu, na mwaka una siku 365. Jukwaa likishabomolewa, vijana wa ghalani wanabaki na picha. Ningekuwa na kura kule, ningeomba sehemu ndogo ya bajeti ya tamasha ilipie chumba kimoja, mwaka mzima, na ufunguo wapewe vijana wenyewe.

Kuna watakaonipinga wakisema panki inatakiwa iwe na njaa, ukiipa ruzuku na ufunguo imekufa. Hoja hii ni tamu kwa mtu aliyeshiba. Panki haikukataa kula. Ilikataa kuomba ruhusa. Tena hofu ya vijana kupewa uhuru ina historia yake. Julai 30, 2005, kwenye kipindi cha moja kwa moja cha runinga ya MBC, watu wawili waliopanda jukwaani na bendi ya Rux walivua nguo mbele ya kamera. Kipindi kikafutwa, na kwa miaka kadhaa bendi za namna hiyo zikafungiwa milango ya runinga. Watu wawili walifanya ujinga wa sekunde chache, na mamia wakalipa. Maofisa wanakumbuka. Ndiyo maana barua ya maombi inakaa mezani. Lakini ukimfungia kijana ukumbi kwa kuogopa atafanya nini humo, usishangae akiondoka wilayani.

Sisi waandishi wa programu tunaingia wapi? Naona mambo matatu.

La kwanza, tuache kuahidi tusichoweza. Programu inanakili wimbo mara milioni bila gharama, haiwezi kunakili chumba. Ukienda kwa wasanii na programu yako, waulize wana mahali pa kupigia kabla hujawauliza wana simu gani.

La pili, tujenge vitu vidogo vinavyowaleta watu pamoja. Kalenda ya maonyesho ya mkoa mzima ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Orodha ya barua pepe ambayo bendi inaimiliki yenyewe na inaweza kuihamisha. Njia ya watu wanne kugawana gari la kurudi nyumbani saa sita usiku. Hakuna mwekezaji atakayekupigia simu kwa mambo haya, lakini pima kwa kipimo tofauti: usihesabu waliobonyeza, hesabu waliofika mlangoni.

La tatu, tutunze kumbukumbu. Miaka ya 2000 bendi nyingi duniani ziliweka nyimbo zao Myspace. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Myspace wamepoteza karibu kila wimbo uliowekwa humo kati ya 2003 na 2015 wakati wa kuhamisha seva, nyimbo zinazokadiriwa kufika milioni 50. Kwa bendi iliyovunjika, ile rekodi ndiyo ushahidi pekee kwamba iliwahi kuwapo. Tufundishane kuweka nakala, na kila huduma tunayoijenga iwe na kitufe cha kutoa data zote, kinachofanya kazi kweli.

Mimi si mpenzi mkubwa wa panki, niseme ukweli. Nyimbo tatu zinanitosha. Lakini naamini mahali ambapo vijana watatu hawana pa kupigia kelele, hapana pa kusemea chochote, hata kwa sauti ya chini. Na kama nchi yenye intaneti ya kasi kiasi kile haijaweza kuziba pengo hilo kwa nyaya, basi tuache kungoja nyaya zitufanyie kazi hiyo hapa petu. Kwenu wewe, mjini ama kijijini, chumba hicho kiko wapi, na nani ana ufunguo?